Skima na tabaka nene la mchanga: namna ya kuvitumia pamoja katika tangi la matumbawe

Wafugaji wa matumbawe wamebishana kwa miaka mingi: mwenye tabaka nene la mchanga ana haja gani na skima, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu? Wapo wanaosema mchanga unajitosheleza, na kwamba skima inawanyang'anya minyoo chakula chao. Wengine wanasema mchanga ni shimo la taka tu, na skima ndiyo kila kitu. Mimi nasema vitu hivi viwili havifanyi kazi moja, kwa hiyo hakuna cha kuchagua. Mchanga unamaliza naitreti, yaani mabaki ya uchafu yenye naitrojeni. Skima inatoa uchafu majini kabla haujaoza, na papo hapo inayapa maji hewa. Kinachohitaji ujuzi ni kuvipanga ili kimoja kisiharibu kazi ya kingine.

Maelezo haya yanamhusu mwenye tangi la lita 200 hadi 600 lililo na tangi dogo chini yake, yaani sampu, ambamo vifaa hukaa.

Kila kimoja kinafanya nini

Skima inasukuma viputo vidogo sana vya hewa ndani ya bomba lenye maji ya chumvi. Protini, mafuta na masalia mengine ya viumbe yana molekuli ambazo upande wake mmoja hukimbia maji, na upande huo hujishikiza kwenye ukuta wa kiputo. Viputo hupanda, hubanana shingoni, maji huchuruzika kurudi chini, na povu chafu humwagikia kikombeni. Povu la ufukweni siku ya upepo mkali linatokana na jambo hilohilo. Katika maji yasiyo na chumvi viputo huungana vikawa vikubwa na kupasuka mapema, ndiyo maana skima haimsaidii anayefuga perege.

Usitarajie ikamate kila kitu. Vipimo vya Ken Feldman wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, vilionyesha kuwa skima huondoa takribani asilimia 20 hadi 35 tu ya kaboni ya viumbe iliyomo majini. Inayobaki haishikwi na viputo. Anayehofu kwamba skima itaacha maji matupu na wanyama wa mchangani wafe njaa aanze kwa kuiangalia takwimu hiyo.

Sasa mchanga. Tabaka la juu, sentimita moja au mbili hivi, lina oksijeni, na humo bakteria hugeuza amonia kuwa naitraiti kisha naitreti. Chini yake oksijeni huadimika, na bakteria wa huko hutumia naitreti badala yake, wakitoa gesi ya naitrojeni inayopanda na kutoka. Chini zaidi, ambako hata naitreti imekwisha, wapo wanaotumia salfeti na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Ikibaki huko chini haidhuru. Ikipanda kwa wingi ghafla, inaua.

Njia hizi mbili zilikua mbalimbali. Jean Jaubert wa Monaco aliujenga mfumo wake juu ya mchanga wenye nafasi ya maji chini yake. Wafugaji wa Berlin walitegemea mawe hai, yaani mawe ya mwamba yaliyojaa viumbe, na skima yenye nguvu. Marekani, Ron Shimek ndiye aliyeutetea sana mchanga mwembamba uliojaa wanyama. Ubishi wa leo ni mabaki ya kambi hizo.

Kuna jambo moja ambalo mchanga hauliwezi, nalo ndilo linalonifanya nisikubali kamwe tabaka nene liachwe peke yake: fosforasi. Naitrojeni inatoroka ikiwa gesi. Fosforasi haina njia hiyo. Inaingia na chakula, inajishika kwenye punje za mchanga, na baada ya miaka, punje zikishashiba, inaanza kurudi majini. Hapo ndipo mwani unapofunika mawe na mwenye tangi hajui umetoka wapi. Fosforasi inatoka kwa kitu unachokiondoa kwa mkono wako tu: povu la kikombeni, mwani uliovunwa, maji yaliyobadilishwa, au kichujio cha chembe za chuma kinachonasa fosfeti. Wapo waliofanikiwa bila skima kwa kuvuna mwani mwingi kila wiki, lakini hiyo ni kazi isiyo na likizo.

1. Tandaza mchanga

Tumia mchanga mwembamba wa aragoniti (aina ya chokaa), punje za milimita 0.2 hadi 1, kwa kina cha sentimita 10 hadi 15. Kina cha sentimita sita au saba kinakuacha katikati: ni kirefu mno kusafishwa kwa bomba, na ni kifupi mno kumaliza naitreti kwa uhakika.

Piga hesabu ya uzito kabla ya kununua. Tangi lenye kitako cha sentimita 120 kwa 50, likiwekwa mchanga wa sentimita 12, linahitaji lita 72 za mchanga. Lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa takribani kilo moja na nusu, kwa hiyo ni kilo 110 hivi za mchanga peke yake, kabla ya maji, mawe na kioo. Meza ya kawaida haiwezi mzigo huo.

Mawe yakalishwe kwenye kioo cha chini, au juu ya vipande vya bomba la plastiki, kabla ya mchanga kumwagwa. Jiwe lililowekwa juu ya mchanga hudidimia pale wanyama wanapochimba chini yake.

Aliye pwani yetu atashawishika kuchota mchanga ufukweni. Mchanga mweupe wa visiwani kwa kawaida ni matumbawe na makombe yaliyosagika, nao hufaa kwa kemia yake. Ule wa karibu na midomo ya mito huwa na kwatzi nyingi, ambayo si chokaa. Dondoshea siki: ukitoa viputo kwa nguvu, ni wa chokaa. Lakini fukwe za mijini hupokea maji machafu na mafuta, na kuchukua mchanga, mawe au matumbawe ndani ya hifadhi za bahari ni kosa. Matumbawe magumu yote yamo pia katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kipande cha jiwe la mwamba hakivuki mpaka bila kibali. Nunua mchanga mkavu, kisha omba kikombe kimoja cha mchanga hai kwa mwenzako mwenye tangi kongwe lenye afya.

Kikombe hicho kina thamani kubwa, kwa kuwa mchanga bila wanyama ni mchanga uliokufa. Unataka minyoo, kopepodi na amfipodi (wadudu wadogo wa majini), na konokono wadogo kama Nassarius na Cerithium, wanaotifua tabaka la juu na kula masalia. Usinunue kiti cha pweza (nyota ya bahari) wa mchangani wala samaki aina ya gobi wa jenasi ya Valenciennea. Wauzaji huwaita wasafishaji wa mchanga, na kweli wanasafisha: wanakula hao wanyama unaowahitaji.

2. Chagua skima

Namba iliyoandikwa kwenye boksi huwa ya ukarimu. Skima ya "lita 500" ichukulie kuwa ya tangi la lita 300 lenye samaki wa wastani. Lakini usivuke kwenda mbali sana: skima kubwa kwenye tangi lenye uchafu kidogo haipati cha kutosha kutengeneza povu imara, na povu huinuka na kushuka bila mpango. Kwa tangi lenye mchanga mnene na samaki wachache napendelea skima inayolingana na tangi kuliko jitu.

Pima kimo cha kabati kabla ya kulipa. Kikombe lazima kiweze kunyanyuliwa na kutoka bila kugonga dari. Wengi hukumbuka hili skima ikiwa imeshafika nyumbani.

Ambaye hapati skima ya dukani anaweza kutengeneza ya bomba refu la plastiki, pampu ya hewa, na vipande vya mbao vya kutolea viputo. Maji yashuke, viputo vipande, ili vikutane kwa muda mrefu. Mbao hizo huziba, na kila baada ya wiki chache hubadilishwa. Uzuri wake ni kwamba pampu ya hewa inatumia umeme kidogo sana, jambo litakalokuwa na maana huko mbele.

3. Ifunge mahali panapofaa

Maji yanayoingia kwenye skima yatoke juu kabisa ya tangi kubwa, kwa sababu molekuli tunazozitafuta hukusanyika usoni pa maji. Kwa hiyo skima ikae kwenye chumba cha kwanza cha sampu, pale maji yanayofurika kutoka tangini yanapoingilia.

Kina cha maji katika chumba hicho kisibadilike. Kila skima ina kina chake kilichotajwa na mtengenezaji, mara nyingi kati ya sentimita 15 na 25, na mabadiliko ya sentimita mbili tu yanatosha kuzima povu au kulifurisha. Weka ukuta wa kioo unaoshikilia kimo hicho, na maji yanayopungua kwa mvuke yaonekane kwenye chumba cha mwisho, cha pampu ya kurudishia.

Kama una chumba cha mwani na wadudu kwenye sampu, usikiweke baada ya skima kwa mstari mmoja, wala kabla yake. Gawanya bomba linaloshuka: sehemu ya maji iende kwenye skima, sehemu nyingine iende kwenye mwani, na zote zikutane kwenye chumba cha kurudishia. Kwa mpango huo kopepodi na mabuu wanaozaliwa kwenye mwani hupanda tangini bila kupita kwenye skima, na mwani hupata maji yenye virutubisho. Malalamiko mengi kwamba skima inaua mchanga yanaponywa na bomba moja la njia panda.

4. Angalia hewa inayovutwa

Hatua hii hupuuzwa kuliko zote, nami naiona ndiyo ya kwanza kwa umuhimu. Mchanga mnene ni halaiki ya viumbe vinavyotumia oksijeni mchana na usiku. Taa zikizimwa, mwani na matumbawe navyo huacha kuitengeneza na huanza kuitumia. Maji ya bahari yenye nyuzi joto 25 yakishiba hewa hubeba takribani miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 6.2. Kwa aliye Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, akiba ni ndogo tangu mwanzo. Skima inayochanganya mamia ya lita za hewa na maji kila saa ndiyo inayolivusha tangi hadi alfajiri. Mwenye mchanga mnene anayezima skima usiku ili kuokoa umeme anazima wakati ambapo tangi linaihitaji zaidi.

Ila skima huvuta hewa yoyote iliyopo chumbani, pamoja na kilichomo ndani yake. Dawa nyingi za kupuliza za mbu na mende zina viambato vya jamii ya pairethroidi, vilivyoigwa kutoka sumu ya ua la pareto. Ni sumu kali kwa samaki, na kali zaidi kwa kamba na jamii zao. Kopepodi na amfipodi wa mchangani ni wa jamii hiyo ya kamba. Watakufa kabla hujaona samaki hata mmoja akiyumba, na mchanga uliopoteza wanyama wake kwa siku moja huanza kuoza. Chumba chenye tangi kisipulizwe dawa kamwe, wala kisichomwe ile dawa ya mbu ya mduara. Tumia chandarua na nyavu za madirishani. Kama jirani anafukiza nyumba yake, zima skima, funika tangi, na peleka hewa kwa pampu ndogo inayovuta kutoka chumba cha mbali. Rangi mbichi na moshi wa jikoni navyo viogope.

Kwa wanaoishi Ghuba, ambako madirisha hufungwa miezi mingi na kiyoyozi hakizimwi, tatizo ni jingine. Kaboni dioksidi ya watu waliomo ndani hujaa chumbani, skima huichanganya na maji, na pH, kipimo cha uasidi wa maji, hushuka na kukaa karibu na 7.8. Pitisha mpira wa hewa hadi nje ya dirisha. Uwe mnene kuliko ule uliokuja na skima, kwani mpira mrefu mwembamba hupunguza hewa inayoingia. Mdomo wa nje ufunike kwa kitambaa cha wavu ili wadudu wasiingie.

5. Washa na urekebishe

Skima mpya ioshwe kwa maji yenye siki, kisha isuuzwe, ili kuondoa mafuta ya kiwandani. Hata hivyo itachukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kabla povu halijatulia. Katika muda huo usiiguseguse.

Anza na kimo cha chini cha maji ndani ya skima, kisha pandisha kwa valvu kidogo kidogo. Ukirekebisha, subiri siku nzima kabla ya kurekebisha tena. Unatafuta povu linalosimama chini kidogo ya mdomo wa shingo na kumwagika polepole, likikusanya maji ya kahawia iliyokolea yenye harufu mbaya. Kikombe kikijaa maji mepesi ya rangi ya manjano kila siku, unatoa maji ya chumvi zaidi ya uchafu.

Upotevu huo una gharama isiyoonekana. Tuseme mfumo wako una lita 300, skima inatoa nusu lita ya maji mepesi kila siku, na kifaa cha kujazia kinarudisha maji yasiyo na chumvi. Kwa mwezi umepoteza lita 15 za maji ya chumvi, yaani asilimia 5. Chumvi iliyokuwa 35 kwa elfu inashuka hadi karibu 33.3. Matumbawe yataonyesha huzuni na utahangaika kutafuta ugonjwa. Pima chumvi kila wiki kwa rifraktomita, na uirudishe kupitia maji unayobadilisha.

Siku unapoingiza kile kikombe cha mchanga hai, zima skima kwa saa chache ili vinavyoelea vipate kutua. Baada ya hapo iwashe na uiache ifanye kazi.

6. Lisha mchanga kwa makusudi

Zima skima unapowapa matumbawe chakula cha unga au cha majimaji, na iwake tena baada ya nusu saa hadi saa moja. Fanya hivyo mchana, taa zikiwaka, wakati oksijeni ipo ya kutosha. Kama unatumia swichi ya saa, hakikisha inairudisha yenyewe. Kumbukumbu ya mtu si ya kutegemea hapa.

Kisha soma mchanga wenyewe. Usiku, taa zikiwa zimezimwa muda mrefu, mulika kioo kwa tochi. Ukiona njia za minyoo kando ya kioo na wadudu weupe wanaorukaruka, wanakula vizuri. Njia zikipungua mwezi hadi mwezi, ongeza chakula kidogo au ingiza kikombe kingine cha mchanga hai. Uso wa mchanga ukiganda na kufunikwa na utando mwekundu au wa kahawia, chakula kimezidi, au mkondo wa maji ni dhaifu.

Vipimo vitakuambia mengine. Naitreti ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfeti ya 0.03 hadi 0.1 ni mahali pazuri kwa matangi mengi. Zote mbili zikiwa sifuri na matumbawe yamepauka, ongeza chakula kabla ya kugusa skima. Hali iliyo ya kawaida zaidi kwenye mchanga mnene ni naitreti sifuri huku fosfeti ikipanda. Mchanga umefanya kazi yake, na mwani wa kwenye sampu unadumaa kwa kukosa naitrojeni, kwa hiyo hauwezi tena kuvuta fosfeti. Hapo usiongeze mwani. Weka kichujio cha chembe za chuma, kwa kiasi kidogo mwanzoni, kwani fosfeti ikishuka ghafla matumbawe huungua ncha.

7. Usafi

Shingo ya skima ipanguswe kila baada ya siku mbili au tatu. Mafuta yaliyoganda kwenye ukuta wake huvunja povu, na skima yenye shingo chafu hutoa kidogo mno kuliko iliyosafishwa. Kikombe kimwagwe kabla hakijajaa. Tundu la hewa huziba kwa chumvi, basi livutishe kikombe cha maji ya moto yasiyo na chumvi mara moja kwa mwezi. Pampu ilowekwe kwenye siki kila baada ya miezi mitatu au minne.

8. Umeme ukikatika

Kwenye mchanga mnene saa chache bila mzunguko wa maji zina hatari kuliko kwenye tangi la kioo kitupu, kwa kuwa walaji wa oksijeni ni wengi. Uwe na pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, na mdomo wake ushushwe kwenye tangi kubwa badala ya sampu. Aliyejenga skima ya pampu ya hewa ana nafuu: betri ndogo na inveta vinaiendesha muda mrefu.

Maji yaliyomo mabombani hushuka kwenye sampu wakati wa giza, kwa hiyo umeme unaporudi skima hujikuta kwenye kina kikubwa na kumwaga kila kitu. Mwaga kikombe mara tu umeme unapokatika, na uweke swichi inayochelewesha skima dakika kumi hivi baada ya pampu kubwa kuanza.

Yanapoharibika

Povu likikoma ghafla, fikiria kwanza mafuta: mikono yenye losheni, au chakula kilichogandishwa na mafuta yake. Hurudi lenyewe baada ya siku moja au mbili. Likifurika bila sababu, angalia kama umetia dawa majini; dawa nyingi hufanya hivyo. Ondoa kikombe, acha skima imwage ndani ya sampu, hewa iendelee.

Mchanga ukitibuka, iwe jiwe limeanguka au mtu amechimba, na ukanusa lile yai viza, fungua hewa ya skima hadi mwisho, ongeza pampu ya hewa, weka mkaa mpya wa kuchujia, na ubadilishe robo ya maji. Haidrojeni salfaidi huharibika haraka kwenye maji yenye oksijeni nyingi, kwa hiyo saa za mwanzo ndizo za kupigania. Na kama unahama nyumba, mchanga wa zamani usihamishwe mzima. Chota sentimita mbili tatu za juu, zenye wanyama, uzihifadhi kwenye ndoo yenye hewa. Uliobaki chini utupe, ununue mpya, na urudishe ule hai juu yake.